Paka wa Ghalani

Msowero, 9 Julai 1997

Mdogo wangu Kija,

Huku mahindi yamekubali, ila mbuzi wetu wawili wametupa mimba. Nikaenda kwa yule bwana mifugo aliyepunguzwa kazini, siku hizi ana duka lake la dawa. Akauliza kama tunafuga paka. Eti kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya kuharibu mimba, ya mbuzi hata ya mtu. Panya akivipata, hamwogopi tena paka.

“Na mtu je, humpenda paka kupita kiasi?” nikamuuliza.

Akasema wataalamu bado wanabishana.

Kija, ulipokuja kwangu mjamzito, ni mimi niliyekutuma kufagia kinyesi cha paka ghalani kila asubuhi. Mimba ilipoharibika ukasema mama mkwe wako amekuroga, nami nikaitikia. Leo bibi wa watu, uliyemfukuza, analala kwa majirani huko Mikumi.

Pengine si paka. Lakini yule mama hakukuroga. Mrudishe nyumbani, umpigie magoti, umwambie kosa ni langu.

Paka nilimtia kwenye gunia nikamtupe mbali, nikashindwa. Nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili unampapasa.

Dada yako,
Kashindye