Tonton Kinga anabebaka nini?

Siku ya ine, mangaribi. Mvua imekataa tena. Vumbi ya mutaa yetu, Mudzipela, iko mu meno, rangi ya bleu iko mu kucha, na niko na hasira juu ya mutu mwenye hayuko hata mu dunia.

Jina yake Tonton Kinga.

Kama hauko wa hapa, nakueleza mbio mbio. Mbele ya vita kulikuwa kagazeti ka paroisse, ka kanisa, kalikuwa kanatoka kila mwezi, na ku ukurasa ya mwisho kulikuwa BD, hadisi ya kuchorwa. Picha ine tu. Mutu mumoja mwembamba, kofia ya majani, iko nasukuma kinga, ile wengine mnaita baisikeli. Hapandake hata siku moja. Anasukuma. Watu wanamucheka, mvua inamupiga, pneu inapasuka, na ku picha ya mwisho anasema: "Tutafika tu." Njo yote. Vita ilikuja, kagazeti kakakufa, nyumba zenye zilikuwa na makaratasi ziliungua. Mwenye alikuwa anachora, hakuna mutu anajua jina yake.

Lakini Tonton Kinga hakukufa. Iko ku salon, iko ku bar, iko ku tanki ya moto, ile pikipiki, iko ku kibao ya mutu wa kutengeneza radio. Moto ikizima mu njia, motard mwenye kuiendesha anashuka anasema leo niko Tonton Kinga. Courant ya umeme ikikatika, tutafika tu. Mwalimu hajalipwa, tutafika tu. Hata pasta yetu aliiweka mu mahubiri, watu wakajibu amina kama vile imetoka mu Zaburi.

Mi sijawahi kuona hata ukurasa moja ya ile BD. Nakiri hapa, juu siwezi kukiri mbele ya client. Nilizaliwa kagazeti kalisha kufa. Kuchora nilijifunza peke yangu kwa kutazama kuta, na hizo kuta zilichorwa na watu wenye walitazama kuta zingine.

Na nimechoka naye.

Juu mi niko na mutu wangu wa kuchora. Anaitwa Sidonie. Amejaa mu kaye tatu, madaftari yangu: binti wa mutaa ya Rwambuzi, kichwa nguvu, mulomo mingi, anaendesha kinga kama motard mwenye amechelewa. Nilimuonyesha kila mwenye salon, kila mwenye boutique. Wanatazama, wanacheka pa fasi ya kucheka, wanasema ni muzuri. Halafu: "Utanichorea Tonton Kinga?"

Siku ya kwanza Mama Dorika akanipa bahati. Iko na salon ya kusuka nywele hapa Mudzipela. Ni mama wa kutoka muji ya Butembo, anapenda kazi iende mbio na bila kelele. Tukapatana: upande ya kushoto ya mulango namuchora Tonton Kinga. Client wakipenda, upande ya kuume ni ya Sidonie. Ukuta ya kwanza ya mutu wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani kwa miguu sikusikia njia.

Siku ya pili nikamuchora vile baba alinielezaka: ku porte-bagage, pale nyuma pa kubebea muzigo, bidon ya maziwa. Sijamaliza hata kofia, mama mwenye anauzisha mihogo ngambo ya barabara akavuka, mikono ku kiuno.

"Weye binti, nani alikuambia ni maziwa? Tonton Kinga alibebaka mihogo."

Motard mumoja akajibu juu ya moto yake: "Mihogo ya wapi, mama? Tazama hata vile anatembea. Ule ni mutu wa ng'ombe."

"Kwani ng'ombe njo ilimufundisha kutembea?"

Watu walicheka. Halafu hawakucheka tena.

Weye mwenye unasoma uko mbali, utasema maziwa, mihogo, si ni chakula tu? Hapa maziwa iko na watu yake, mihogo iko na watu yake, na hao watu waliuana. Sasa ni amani. Wanauziana, wanasukana nywele, wanasalimiana vizuri. Vizuri sana, kama mutu mwenye amebeba mayai mu mashati.

Mama Dorika akatoka na kisanuo mu mukono. "Toa ile kitu." Nikafuta maziwa, nikaweka gunia ya mihogo. Haikumaliza saa moja, client mumoja akaiona ku mulango, akatoka mu kiti, akaenda. Nywele yake ilikuwa nusu. Upande moja misuko, upande ingine wazi, akavuka barabara vile vile na kichwa juu.

Mama Dorika alimufuata na macho mupaka akapotea. "Ule mwenye nusu kichwa, atanilipa nani? Na ile upande yako ya kuume, sahau. Picha inaleta maneno."

Basi Sidonie akafa juu ya gunia ya mihogo. Nililia kidogo. Ya hasira.

Jana asubui nikarudi kumaliza tu. Ilinibakia bleu na nyeupe kidogo. Nikafunika ule muzigo na bâche, ile turubai. Bâche ya bleu, kamba juu. Usinipe sifa ya bure, haikuwa wazo ya amani. Nilitaka waniache.

Mama wa mihogo akavuka tena. Akatazama mingi. "Eee. Sasa njo yeye."

Motard naye akaitika na kichwa. Nafikiri ni juu ya bâche yenyewe. Nani hapa hajalala chini ya bâche, siku za kukimbia vita? Maziwa, mihogo, wote.

Ningefurahi, sivyo? Ngoja.

Leo napita Rwambuzi, nakuta peintre mumoja, muchoraji kama mi, iko namuchora Tonton Kinga ku ukuta ya bar. Na bâche. Ya bleu. Hata kamba ni yangu, juu nilikosea: inapita juu ya muzigo haifungwe fasi yoyote. Yeye pia hakuifunga. Nikasimama. Muzee mumoja alikuwa anakunywa chai pale, akaona natazama.

"Njo vile ilikuwaka, mwanangu. Mi nilisoma ile gazeti tangu ya kwanza. Sikuzote na bâche."

"Lakini papa, ile bâche ni mi nili—"

"Ulikuwa umezaliwa?"

Sikuwa nimezaliwa. Bâche yangu iko na siku moja tu, na isha kunipita miaka.

Maisha yangu yote natafuta kuchora kitu chenye watu watachukua. Wamechukua. Na si yangu, ni yake.

Nikaenda kwa Mama Dorika. Salon imejaa. Mwenye nusu kichwa amerudi kumalizisha. Inje watu wanasimama kubishana muzigo ni nini, sasa na kicheko: mumoja anasema amemufunika mama mukwe. Nikauliza pole pole, na upande ya kuume?

"Ndiyo, chora, mama yangu. Unitilie Tonton Kinga tena. Akionekana mugongo."

Mugongo.

Nikakusanya rangi zangu. Nikakuja hapa kuandika.

Salon inafunguka saa tatu. Kesho asubui, saa kumi na mbili, nitakuwa pale. Nitamuchora Sidonie. Atakuwa amepanda, miguu ku pédale, na porte-bagage wazi, hakuna kitu, hakuna bâche, mutu asipate ya kuuliza. Mama Dorika anaweza kunifukuza na ukuta akamupa ule peintre wa Rwambuzi, mwenye asha kujua kamba zangu. Najua. Lakini mi nimechoka kusukuma.

Tutafika tu.

Ona sasa. Imetoka yenyewe.