Ncoolo ya Mutethia

Jumatatu, 3 Machi
Kugeuka ubavu, miguu chini, kujisukuma kwa mkono. Ndivyo wagonjwa wa mgongo tunavyoamka. Karambu amenivalisha soksi. Mwezi wa tano tangu waunge mifupa yangu kwa vyuma, na bado mke wangu ananivalisha soksi. Kalamu imeanguka chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi siinami, basi ikae huko. Naandika kwa penseli.

Jumamosi tunapeleka ncoolo Kinoru, kumposea kijana wetu Mutethia msichana wa huko. Kitita cha miraa ya heshima, ndani ya majani ya mgomba. Kwetu baba huichuma mwenyewe, kwenye mti wa babu, na kuikabidhi kwa mikono yake. Anayekabidhi ndiye wakwe humjua kuwa baba wa kijana. Baba alinichumia mimi. Nami nitamchumia wangu, daktari apende asipende.

Jumatano, 5 Machi
Muuguzi amepiga simu. Anawauliza wote waliopasuliwa. Maumivu? Yamepungua. Ganzi ya mguu? Imekwisha. Nalala? Nalala. Nimeridhika kiasi gani, moja hadi kumi? Nikasema kumi. Si uongo. Mwaka jana nilitambaa kwenda choo, leo natembea hadi soko la Laare na kurudi.

Nilipokata simu nililia. Nilitaka kumwambia kwamba sijapanda mti tangu nipasuliwe. Angeandika wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu. Karambu alikuwa kisimani. Mguu wa kulia kwenye tawi la kwanza, ambalo hata mtoto hupanda. Mgongo umekataa. Si maumivu, ni ubao tu. Nikabaki nimeukumbatia mti, jasho linanitoka, nikiogopa kushuka. Karambu ndiye aliyenishusha.

“Baba Mutethia, unataka tukuzike kabla ya harusi?”

Kisha akalia kuliko nilivyolia jana. Nimejionea aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Mutethia amekuja kutoka Meru mjini. Nikamwambia anishikie ngazi kesho alfajiri. Akatazama chini.

“Mzee, nilishaongea na Anko Kobia, atachuma yeye. Ni wiki mbili sasa. Niliogopa tu kukuambia.”

Wiki mbili! Karambu alijua. Kobia, mdogo wangu niliyemfundisha kupanda, alijua, na Jumapili tulikaa naye benchi moja kanisani. Ni mimi peke yangu ambaye sikujua. Nikamwambia Mutethia kama amepata baba mwingine aende naye, mimi asinihesabu. Nilisema kwa sauti, jirani akasikia.

Jumamosi, 8 Machi
Kobia alipanda alfajiri. Nilimsikia nikiwa kitandani. Anavunja matawi ovyo, kama kawaida yake.

Wameondoka saa mbili. Nilisema siendi. Mutethia aliniomba mara moja, kwa upole. Nikakataa tena, nikingoja aombe mara ya pili. Hakuomba. Kobia hana koti la maana, Karambu amempa langu. Limemkaa.

Siku nzima nimekuwa peke yangu. Sijala. Nina hasira, na zaidi ninajichukia. Wamerudi jioni wakiimba. Ncoolo imepokelewa.

Jumapili, 9 Machi
Nimetembea dakika thelathini. Mgongo hauna neno.

Karambu ameenda kanisani, simu yake ameiacha kwenye chaji. Imelia. Sauti ya mzee, taratibu, mtu wa heshima. Ni baba wa msichana. Akashukuru kwa ugeni wa jana. Akasema angependa kuongea na baba yake Mutethia, yule aliyekuja na ncoolo, wapange siku ya kukaa tena.

Akauliza kama nipo.

Nikampa namba ya Kobia. Alikuwa anaandika, nikaisoma polepole, kisha nikairudia ili asikosee.