Bwana Yangu Alimuacha Mama mu Mufereji

Mupendwa mushauri, naomba unisaidie maana roho yangu haitulie, mi ni bibi ya Eugène, shofere wa lori, kamio ya mutajiri mumoja wa hapa Baraka, na siku ya soko tulikuwa tunashuka kutoka Fizi, bamama banaikala juu ya mizigo, mi ndani pembeni yake, na nyuma kamio ya shofere mwenzake Albert inataka kutupita, basi Eugène akakasirika, akakanyaga mafuta mu kona zote, bamama banalia kule juu, yeye anasema, "Albert ataona vumbi tu," na mu kona ya mwisho tukakuta mama mumoja wa milimani amebeba maziwa, Eugène akapiga honi, freni ya kusimamisha hakugusa, ule mama akajirusha mu mufereji, nikalia, "Simama! Umeua muntu!" akanijibu, "Barabara ni ya motokari," akaendelea, na kesho yake nikasikia ule mama anaitwa Bazubagira, muguu umevunjika, iko analala mu dispanseri, hajue kamio ilikuwa ya nani, na Albert anafunga kinywa maana naye alikuwa anakimbiza, na mama-mukwe ananiambia, "Ukisema, batoto bako batakula nini?" na Eugène anakunywa na barafiki banamusifu eti hakuna shofere kama yeye, na kila juma anapeleka bantu Lulimba na mbio ileile. Nifanye nini?

Georgette, Baraka

Mama Georgette,

Pole. Siku ile ulilia Eugène asimame. Lakini sasa umenyamaza kama Albert, na Bazubagira analala na muguu uliovunjika bila kujua nani alimuvunja. Mama-mukwe anauliza batoto bako batakula nini. Batoto ba Bazubagira je, leo nani anabapikia?

Na huyu Eugène! Kazi ya shofere ni kufikisha bantu. Yeye anabakimbiza bamama ba bengine ili amushinde Albert, halafu anakunywa pombe kwa kujisifu! Bale banaomusifu bapande juu ya mizigo, bashuke naye ule mulima, kisha bamusifu.

Usimubembeleze. Muambie leo mbele ya baba yake: aende kwa Bazubagira aombe musamaha, atoke pale aende kwa polisi. Akikataa, enda we mwenyewe kwa polisi, na kwa ule mutajiri mwenye kamio. Pengine atafukuzwa. Basi mutalima mihogo. Baraka yote inalima.

Na kama anashika tena usukani bila kusema neno, kaa pale bamama banapandia, umuambie kila mumoja mambo uliyoona. Tuone atabeba nani.