Senene wa Mzee Gelasius

Yasinta, nimefanya kitu. Futa ukishasoma.

Unawakumbuka wale nyenje waliotoka ardhini wakafunika uzio mzima hapa Grand Prairie, huku ughaibuni? Nimewanyonyoa mabawa, nikawakaanga na kitunguu kama senene, wale panzi wetu wa nyumbani.

Leo kaja Mzee Gelasius, baba mkwe wa Clara wangu. Akauliza, "Mama, senene wa Bukoba umewapata wapi huku?" Nikasema, "Wamekuja wenyewe." Si uongo.

Amemaliza sahani nzima. Nzima, Yasinta! Alipokuwa bado anakula, alinikaribisha nami nile. Nikamjibu kwa upole kwamba kwa mila zetu Wahaya mwanamke hali senene.

Mzee kaguswa. Anasema mila hiyohiyo inataka aliyeleta senene avishwe, kwa hiyo Jumapili ananiletea kitenge.

Clara kaninong'oneza jikoni, "Mama, please, mwambie ukweli. Akijua mwenyewe nitaaibika."

Nitamwambia. Kitenge kikishashonwa.