Jua la Mombasa Limezama Makina

Jumanne, 15 Desemba 1998
Kutoka Mombasa hadi Kisumu hakuna webmasta kama mimi, Billy Oloo. Shule niliiacha Form Two — walimu walikuwa wananichelewesha. Murjan wa hapa Makina ameandika programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya saa za kufuturu. Kichwa anacho, sijakataa. Lakini websaiti ya hiyo programu? Yangu! Leo nimeweka jina langu juu kabisa, linawaka na kuzima. Murjan akauliza kama tumefungua baa. Wivu!

Alhamisi, 17 Desemba
Programu ilikuwa inatumia jua la Mombasa, na huko linazama dakika sita kabla ya hapa. Murjan amerekebisha, akanipa disketi. Nimeipeleka kwa miguu hadi Gatina, kwa Gichuru mwenye kompyuta iliyo na laini ya simu. "Ukishakopi, fungua ukurasa uangalie saa ya Magharibi," Murjan alinihubiria. Kama mtoto! Gichuru naye: "Harakisha, boss, bibi anangoja hiyo simu." Kompyuta ikauliza: faili lililopo lifutwe? Y! Tuendelee! Nilikuwa nachagua rangi ya jina. Nyekundu. Moto!! Nikaprinti na jedwali la mwezi mzima.

Jumapili, 20 Desemba
Ramadhani imeingia. Jedwali nimelibandika ukutani kwa Nyanya Mabruka, nyanyake Murjan. Masikio yamechoka, miguu pia, adhana haisikii, na wajukuu wote hufuturu msikitini. Akasema sasa hatasumbua mtu. "Wewe Mjaluo ndiye muadhini wangu." Mimi! Nilipomweleza Mathe, mamangu, alicheka hadi akamwaga chai.

Jumatano, 23 Desemba
Nyanya kaniita tufuturu, ingawa saa nane nilikuwa nimemaliza chapati tatu. Akatazama saa, akatazama karatasi, akala tende. Mimi nikavamia sambusa. Ya nne iko mdomoni — adhana! Nikacheka, leo muadhini kalala. Halafu nikasoma karatasi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Ile aliyorekebisha Murjan ni thelathini na nne.
"Mbona umeacha kula?"
Nikamwonyesha tumbo: nimeshiba. Mimi, nimeshiba!

Alhamisi, 24 Desemba
Mbio hadi Gatina. Nilikopi kinyume! Faili la zamani lilitoka kwa kompyuta likafuta jipya kwenye disketi. Jina langu lakini linawaka vizuri sana. Gichuru: "Sema ni virus. Watu wote husema virus." Huyo ni profesa! Nikarudi kwa Murjan kuomba kopi nyingine. Ya nini? Ya akiba, bro. Nikaenda tena Gatina, nikaweka mpya, nikaprinti. Kufika Makina, Nyanya ameshafuturu.

Ijumaa, 25 Desemba
Krismasi! Riyadh, mjukuu mdogo, kaleta sahani ya kaimati. "Nyanya anasema ni ya muadhini." Mathe hawezi kurudisha sahani ya watu tupu, kaweka chapati nne za futari. Chini yake nimeficha karatasi mpya.
Naandika nikiwa nje kwa Nyanya, daftari juu ya goti. Hadithi ya virus nimeirudia njia nzima, imekuwa tamu kabisa. Lakini siku tano amefuturu kabla ya jua kuzama. Mama mzee, na miguu ile, atazifunga zote upya. Virus haikubonyeza Y. Murjan alisema niangalie, sikuangalia. Nilikuwa nachagua nyekundu.
Nimebisha hodi mara mbili. Hasikii. Itabidi niingie nipige kelele, majirani wa ploti nzima wasikie.