Kisanduku cha Wendell

Huntington Beach, Novemba 1967

Dada Darlene,

Hatujambo. Mama kaoka pai ya maboga, umeikosa.

Kaka Wendell karudi kutoka vitani Vietnam. Jumamosi tulipiga magitaa gerejini. Unakumbuka kisanduku chake cha kutia mwangwi kwenye gitaa, alivyokuwa akikipiga teke wimbo ukiisha, springi za ndani zingurume kama wimbi linapovunjika? Nikakipiga teke mimi, nimfurahishe. Akajitupa chini ya gari la Baba, akaziba masikio. Mama ndiye aliyembembeleza atoke.

Jana nikazing'oa springi zisimtishe tena, nikazitupa.

Leo kapiga peke yake, sauti kavu kama ukuni. Mwisho akajikaza, akakipiga teke mwenyewe. Kimya.

"We Rusty," akaniuliza, "bahari umeipeleka wapi?"

Njoo, dada.

Mdogo wako,
Rusty