Sanamu Zako za Bustani ya Busia

Mpendwa Baba Nafula,

Nimekosa wa kumuuliza, ndiyo maana nakuandikia wewe uliye kaburini.

Unakumbuka ile siku uliporudi kutoka mjini ukiniita tangu barabarani, "Mama Nafula, wamekubali!" Wewe, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, ulikuwa umeruhusiwa kupanga sanamu kando ya njia ya bustani, pale watu wanapopumzika kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Ulisema hutaki majemadari wala wanasiasa. Ulitaka watu wetu wa mpakani. Ukaanza na mwendesha baiskeli aliyebeba abiria, ukaja kwa dereva wa Malaba aliyelala chini ya trela akingoja foleni isonge, halafu Mama Anyango, muuza samaki wa Sio Port, na beseni lake kichwani.

Mimi nilikata waya na kuteka maji. Saruji uliichanganya mwenyewe, ukaniambia nikae mbali isiniharibu mikono. Mama Anyango alipoiona sura yake mara ya kwanza alishika kiuno. "Fundi, kwani mimi niko na pua kubwa hivi?" Ukamjibu, "Mama, pua ni yako. Mimi nimeazima tu." Alicheka mpaka samaki wakamwagika.

Kisha kifua kikakubana. Ulilala wiki moja tu, ukaondoka kabla njia ya bustani haijafunguliwa.

Hukuyasikia maneno ya matangani, Baba Nafula. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikawasikia nyuma yangu wakinong'ona, "Sanamu zimemla mwenyewe." Wengine walisema umechonga watu walio hai ukawafunga roho, kwa hiyo watafuata mmoja mmoja. Nilidhani uchungu ukipoa na maneno yatapoa. Yalikua. Mtoto wa jirani akiugua, ni sanamu. Pikipiki ikianguka kule Matayos, ni sanamu.

Asubuhi moja wakaja na nyundo kubwa, wakanikuta bustanini. Aliyetangulia alikuwa Ouma, mdogo wako uliyemlea.

"Shemeji, toka hapo," akaniambia. Alikuwa analia. "Hizi vitu ndizo zilikula ndugu yangu. Tunataka kuokoa watoto."

Nilimkumbatia yule mwendesha baiskeli wako. Wakanibandua kama kupe. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na askari wa bustani akageuza uso akatazama lango. Nilisikia kila pigo, baba. Dereva wako alipasuka kichwa akiwa bado amelala. Mama Anyango alivunjwa akabaki nyayo tu juu ya jukwaa lake.

Sijui nani alimpigia simu Mama Anyango wa kweli. Alifika mwenyewe kutoka sokoni, beseni kichwani, jasho likimtiririka. Akakiona kichwa chake kwenye nyasi. Alipanda pale jukwaani, akasimama juu ya zile nyayo, akawatazama.

"Mlikuwa mnanitafuta? Nimekuja. Vunjeni."

Hakuna aliyeinua mkono.

"Ouma, si ulikula samaki wangu kwenye matanga ya ndugu yako? Piga basi."

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Ouma alibaki ameishika nyundo kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Lakini aibu ya watu haikuzirudisha sanamu. Sasa afisa mmoja ameniambia nikishindwa kuzisimamisha upya kabla ya mvua, vifusi vitazolewa na pale pataegeshwa malori. Nimejaribu. Nimechanganya saruji, ikabomoka mkononi kama ugali uliokosa maji. Mchanga unakuwa kiasi gani? Maji unayatia lini? Uliniambia nikae mbali na mimi nikakaa mbali, na leo nakuchukia kwa hilo, kisha nalia kwa sababu nimekuchukia. Nafula ananisihi, "Mama, acha, utaugua." Nikiacha, utakuwa umekufa mara ya pili. Sina mahali pengine pa kukuona.

Mama Anyango huja akishamaliza kuuza. Anasimama mbele yangu nimtazame, na mimi siwezi hata kuanza na kidole.

Jana Ouma alikuja. Alikuwa anasukuma mchanga kwenye toroli, ule mchanga safi wa mtoni. Akaumwaga karibu na jukwaa, akasimama ameinamisha kichwa.

"Shemeji, mimi nilikuwa namchanganyia ndugu yangu saruji nikiwa kijana. Nafikiri bado nakumbuka."

Sikumsalimu. Sikuweza, Baba Nafula, usinilaumu. Nilimtazama mpaka akaanza kugeuza toroli aende zake.

Ndipo nikampa sepetu.

Lala salama, baba. Mimi bado sijalala.

Mkeo,
Mama Nafula